Siku Niliyomkimbia Mama Mkwe Mlimani

Kuna watu thelathini na mmoja hapa Kampala ambao wameniona bila suruali mchana kweupe, na wote ni wanakwaya wa kanisa moja. Nikimwona mmoja wao mjini nahamia upande wa pili wa barabara, na kuna siku nilijibanza nyuma ya rundo la matairi pale Kisenyi kwa sababu tu mwimbaji mmoja wa besi alikuja kununua betri. Nasema mapema ili hadithi ikifika pale nikianza kumezameza maneno mjue sababu, mnivumilie tu.

Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Nakuru, na huu ni mwaka wangu wa nne Kampala, nauza vipuri vya magari katika duka moja Kisenyi. Kazi yenyewe ni ya kukaa. Nakaa kwenye stuli tangu asubuhi hadi jioni, mteja akitaka plagi namwonyesha rafu kwa kidole, na mchana nakula rolex (ile chapati iliyoviringishiwa mayai, na nikisema rolex najua mnajua kwamba huwa ni mbili), kwa hiyo mwili umejitafutia raha zake na tumbo limeanza kutangulia mlangoni.

Mchumba wangu anaitwa Suubi, Mganda, mwalimu wa chekechea. Tulikuwa tumeshaenda kujitambulisha kwa Ssenga, yaani shangazi yake, dada ya baba, ambaye kwa Waganda ndiye mwenye kazi ya kusimamia mambo ya ndoa ya binti. Ssenga anauza dagaa kule Ggaba, na Kiswahili amejifunza kwa wateja wake Wakongomani, basi tukaelewana tangu siku ya kwanza. Kilichobaki ni kwanjula, ile siku ya kutambulishwa mbele ya ukoo mzima, na ilikuwa imebaki wiki sita. Ukoo ukikukataa kabla ya siku hiyo, rudi kwenu. Na tayari kulikuwa na mjomba mmoja aliyekuwa akiuliza kila kikao kwa nini Suubi aolewe na Mkenya, kwani Waganda wameisha?

Sasa, sharti kubwa kuliko yote Suubi alinifundisha mapema. Kwa Waganda, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, hawali pamoja, na wakikutana njiani lazima mmoja ajitenge pembeni mwenzake apite. Ukimgusa, wazee wanasema utapatwa na obuko, ugonjwa wa kutetemeka mwili mzima, wewe au yeye. Mimi nimetoka Nakuru, kwetu mama mkwe unamshika mikono yote miwili na akipenda anakukumbatia mpaka mgongo unalia, kwa hiyo jambo hili lilinipa shida kidogo, lakini nililishika. Miezi minane nilikuwa nimemwona mama yake Suubi mara mbili tu, na mara zote nilimwona kwa mgongo.

Ndipo kwaya ya kina Suubi ikapanga matembezi. Jumamosi moja, kupanda kilima kimoja chenye msitu upande wa ziwani, saa moja na kitu kwa basi kutoka mjini, unafuata njia ya mgongoni mwa kilima mpaka juu kwenye jiwe kubwa ambapo unaliona ziwa lote na visiwa vyake. Huko juu mnakula, mnaimba, mnapiga picha, mnashuka. Nikamuuliza Suubi, mama atakuja? Akaniapia kwamba mama haendi, goti linamsumbua. Nikasema basi nipo.

Asubuhi nafika kwenye basi, nimevaa suruali mpya ya kaki (mpya na ya kubana, niliinunua nikiwa na tumaini la kupungua), naona mabasi ni mawili, na kwenye basi la pili anapanda mwanamke mwenye gomesi ya zambarau, lile vazi refu la Kiganda lenye mabega yaliyosimama na mshipi mpana kiunoni. Chini ya gomesi, raba nyeupe. Mkononi, fimbo. Suubi akanijia mbio, akaanza na lile neno lao la kubembeleza.

"Bambi, usikasirike. Goti limepona."

"Limepona lini?"

"Jana. Wewe panda basi ya kwanza, na huko mulimani utembee mbele. Ukisikia anakuja nyuma yako, ingia kwa miti, geuza mgongo, yeye apite. Hiyo tu."

Hiyo tu. Jambo ambalo hata watoto wake wa chekechea wangeliweza.

Lakini kwenye basi la kwanza wanakwaya walikuwa wamechangamka, na mmoja akaanza, "Eh, leo tuko na Mukenya! Nyinyi watu munakimbia sana. Leo tutaona!" Hapo ningeweza kusema ukweli, kwamba wanaokimbia ni wenzangu, wanatoka upande mwingine kabisa na wanaamka saa kumi alfajiri kufanya mazoezi, mimi nikikimbilia teksi nalala chali jioni yote. Sikusema. Nikavuta kola nikasema, "Mimi nitawangoja juu ya jiwe. Mkifika mtanikuta nimeshapumzika." Basi zima likapiga makofi, Suubi akanitazama kwa jicho la kuuliza, na mimi nikajikuta nafurahia makofi kama mtu aliyekwisha kushinda.

Tukafika, nikaanza kupanda kwa kasi. Dakika kumi za kwanza nilikuwa mbele peke yangu, mzuka umepanda, natazama nyani juu ya miti, najiambia kumbe bado nina mapafu. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha, njia ilikuwa tope na mizizi inayoteleza, msitu umefunga pande zote, huoni mbali mbele wala nyuma. Dakika ya kumi na tano pumzi zikaanza kukata. Dakika ya ishirini nilikuwa nimeshika mti kwa mikono miwili namwomba Mungu. Na hapo ndipo nikasikia nyuma yangu mtu anaimba.

Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, kwa Luganda, sauti nyororo, haikatiki, haitetemeki, mtu anapanda kilima kile huku anaimba kama ameketi barazani anamenya matoke. Nikachungulia kwenye kona. Zambarau. Mama mkwe, peke yake, kwaya yote ameiacha nyuma huko, fimbo hata haitumii, ameibeba begani. (Baadaye niliambiwa kwamba shamba lake la migomba liko juu ya kilima kuliko hiki, na huwa anapanda mara mbili kwa siku. Hakuna aliyeona umuhimu wa kunieleza hilo mapema.)

Ilikuwa niingie kwa miti, nigeuze mgongo, apite. Nilijua. Hata mguu mmoja niliutoa njiani. Kisha nikaiona picha nzima kichwani: kwaya inafika juu, wanamkuta bibi wa miaka sitini na kitu ameketi kwenye jiwe, goti lake bovu amelinyoosha, anaangalia ziwa, halafu mimi nafika robo saa baadaye, Mkenya, nimekunja mgongo. Wangenitania mpaka siku ya kwanjula. Nikaurudisha mguu njiani nikatimua mbio.

Hebu fikirieni mtu mzima mwenye tumbo anakimbia mlimani kumkwepa mama wa mchumba wake. Nakimbia hatua hamsini, nasimama, nahema, wimbo unakaribia, nakimbia tena. Akimaliza ubeti najua yuko kona ile, akianza kiitikio najua yuko karibu zaidi. Mara moja alinyamaza nikadhani amechoka, nikamshukuru Mungu, kumbe alikuwa anakunywa maji. Kijasho kimenitoka mpaka ndani ya soksi.

Mbele njia ikakata kona ndefu kulizunguka bonde dogo. Upande wa kulia kilima kilipanda moja kwa moja, nikaona kama kuna upenyo kati ya miti, nikawaza nikikatiza hapa nitatokea juu kabisa, nitamwacha mbali. Nikaingia. Nikapanda kwa mikono na miguu, nikishika mizizi, matope mpaka magotini, majani yananipiga usoni, na nilipofika mahali penye tambarare kidogo nikasimama kupumua. Nilisimama kwenye siafu.

Kama hujawahi kuingiliwa na siafu wa msituni, mshukuru Mungu wako. Hawaumi wakifika. Wanapanda kwanza, kimya kimya, wanajipanga kila mmoja mahali pake, na wakishatosha wote wanauma pamoja. Na hawakujipanga kwenye magoti. Nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi, nikafungua mshipi, nikaanza kuvua ile suruali, ikakwama kwenye viatu kwa sababu ni ya kubana, nikawa narukaruka kwa mguu mmoja huku najipiga mapaja kama mwendawazimu. Hatimaye ikatoka. Nikaitupa. Ikaenda kunasa kwenye tawi juu ya msafara uleule wa siafu, na ikabaki hapo inaning'inia, nyeusi kwa wadudu.

Hapo nilikuwa nimebaki na fulana, soksi, viatu, na bukta ya ndani ambayo rangi yake sitaitaja. Nikatulia nifikirie. Na katika kule kutulia nikasikia ule wimbo, tena karibu sana, chini yangu kabisa. Kumbe ile njia ilikuwa imezunguka bonde na kurudi, ikapita chini ya pale nilipokuwa, hatua kama kumi hivi. Nyuma yake nikasikia na wengine, kwaya nzima wanacheka, wanamkaribia.

Nikasema nipande juu nijifiche. Nikashika mmea mmoja mnene unaotambaa, nikajivuta, ukakatika.

Sikuanguka, niliteleza. Nilikaa kwa makalio kwenye majani mabichi na tope, nikashuka, sina breki, fulana imepanda mpaka kwapani, napita vichaka, nasema maneno ambayo hayafai kwaya, mpaka nikatokea njiani mzima mzima. Na njia pale ilikuwa nyembamba, upande wa pili kuna korongo, siyo korongo la mchezo, la kuvunja shingo. Nilikuwa naliendea moja kwa moja. Nililiona. Nakumbuka niliwaza, basi, nimekwisha, na nimekwisha nikiwa hivi.

Mkono ukanidaka.

Ulinishika hapa juu ya kiwiko, ukavuta, na ulikuwa mkono wa mtu aliyezoea kung'oa migomba. Na pamoja na mkono ikaja sauti, kwa Kiswahili, kali ajabu:

"Simama! Lala chini!"

Mama mkwe hajui Kiswahili. Nilielezwa baadaye kwamba maneno yote ya Kiswahili aliyonayo aliyapata kwenye vizuizi vya barabarani, zamani, enzi wanajeshi walipokuwa wakisimamisha watu, na siku hiyo ubongo wake ulipotafuta lugha ya kumwokoa Mkenya ulikuta hayo tu. Mimi nilisimama, kisha nikalala chini. Kifudifudi. Katikati ya njia, na bukta yangu, miguuni pa mama wa Suubi, mkono wake bado umenishika.

Kisha akatambua ni nani. Akaniachia kana kwamba ameshika sufuria ya moto, akafunika uso kwa mshipi wa gomesi, akageuka akaukabili mti. Na kwaya ikatokea kwenye kona.

(Hapa ndipo nilisema nitamezameza maneno.)

Walisimama. Thelathini na mmoja nikimhesabu Suubi na Ssenga, ambaye huimba sauti ya pili. Hakuna aliyecheka mwanzoni, na afadhali wangecheka. Na mimi nilikuwa natetemeka, jamani, kwa baridi ya tope, kwa siafu wawili watatu waliobaki bado wanaendelea na kazi, na kwa lile korongo nililoliona kwa macho. Meno yanagongana. Mama mmoja akashika kichwa akapiga yowe.

"Banange! Ameshaanza! Obuko! Muone vile anatetemeka!"

Hapo watu wakarudi nyuma hatua tatu. Mwalimu wa kwaya akavua kofia. Wengine wakaanza kuomba. Nikajaribu kueleza kwamba ni siafu, lakini mdomo nao ulikuwa unatetemeka, nikasema "si-si-si-si," wakazidi kuomba.

Ssenga ndiye alikuja mbele. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa, taratibu, kama anakagua dagaa.

"Mukenya. Suluali iko wapi?"

"Iko juu, Ssenga. Ina siafu."

"Na wewe ulikuwa unaenda wapi huko juu?"

Nikajipangusa tope. Akafungua kikapu cha chakula akatoa kitambaa cha meza, cha maua mekundu, akanitupia, nikajifunga kiunoni. Mama mkwe, akiwa bado ameukabili mti, akasema kitu kwa Luganda. Ssenga akanigeukia.

"Anauliza kama umeumia."

"Mwambie sijaumia. Mwambie asante. Mwambie naomba msamaha sana."

Ssenga akamwambia. Kulikuwa na hatua tatu tu kati yetu. Mama akajibu mti.

"Anasema tembea upande wa ndani, mbali na shimo."

Tukapanda hivyo mpaka juu, mama mbele kabisa, mimi nyuma kabisa na maua yangu. Kuhusu lile jiwe na ziwa siwezi kuwaambia mengi. Ziwa lilikuwepo. Walikula, na nyama zililiwa bila kitambaa kwa sababu nilikuwa nimekivaa. Wakapiga picha ya pamoja, mama kona ya kushoto, mimi kona ya kulia, na kwaya nzima katikati, na mpiga picha akaniambia nisogee zaidi, halafu zaidi, mpaka nadhani kwenye ile picha limebaki bega langu tu. Ile hali ya kucheka ilikuwa imewarudia sasa, walikuwa wanaficha midomo kwa karatasi za nyimbo. Hilo niliweza kulivumilia. Lililonishinda ni Suubi. Alikuja akakaa hatua chache kutoka kwangu, hakuniangalia, akasema kwa sauti ndogo tu, "Nilikuambia kitu moja. Moja tu." Kisha akaenda kukaa na wenzake, na nikaona mabega yake, nikajua analia. Nilitamani siafu wanirudie.

Jioni ile ile yule mjomba alikuwa ameshapata habari, na inasemekana alifurahi. Akaita kikao. Wiki nzima Suubi alikuwa akijibu simu zangu kwa neno moja moja, mimi nakaa kwenye stuli yangu nauza plagi badala ya bolti, hata rolex ilinishinda, nilikuwa nakula moja na siimalizi. Nilikuwa nimeshaanza kujizoesha kumwambia mama yangu Nakuru kwamba asishone nguo.

Siku ya nane Ssenga akanipigia, nifike Ggaba. Nikamkuta anachagua dagaa kwenye turubai, hakuinua kichwa, akaniacha nisimame. Kisha akasema kikao kilichukua saa nne nzima. Mjomba alizungumza sana. Alisema Mkenya huyu hana adabu, amemgusa mama, amemwonyesha mama uchi, anangoja nini hapa. Watu wakaanza kukubali. Ndipo mama mwenyewe akaomba kusema.

"Akasema, miaka yote wakwe wananipita njiani, wanageuza mugongo kidogo, wanaendelea na simu zao. Huyu kijana alisikia sauti yangu tu, akakimbia. Mimi naimba, yeye anakimbia. Aliingia mupaka kwa siafu, akapoteza suluali, karibu afe, sababu hataki macho yake iguse mimi. Akasema, mimi ndiye nilimushika, si yeye. Na ningemushika tena. Heshima kama hiyo hata kwa Baganda haiko tena."

Ssenga akatupa dagaa mmoja kando. Mjomba naye akasema tu kwamba sawa, basi, na kila ukoo una namna yake ya kuliondoa jambo kama hili, mimi nitaleta nguo, nitampa Ssenga, Ssenga atampa mama, na kwanjula iko palepale. Nililia hapo hapo kati ya dagaa, sioni haya kulisema, nikalia mpaka wanunuzi wakadhani nimefiwa.

Na sasa mnajua ninyi, na Suubi asijue, kwamba sikuwa namkimbia kwa heshima. Nilikuwa nakimbia ili nisipitwe na bibi. Mwanamke yule alinivuta kutoka kwenye korongo, halafu akaenda akanitetea mbele ya ukoo kwa sifa ambayo sikuwa nayo hata chembe, na siwezi kumwambia ukweli kwa sababu hatuzungumzi, na hata tungekuwa tunazungumza sidhani kama ningekuwa na moyo. Nimeapa kwamba maisha yangu yote nikimsikia nyuma yangu, iwe mlimani, iwe sokoni, nitaingia pembeni nigeuze mgongo apite, na wanaotaka kucheka wacheke. Ile sifa nimeshapewa. Ninachoweza kufanya sasa ni kuifanyia kazi, taratibu, mpaka siku moja iwe kweli.